Sauti Iliyoisha Kila Alhamisi: Kisa cha Mwalimu wa Gredi ya 5, Kayole

Mwalimu huyu ana umri wa miaka 38, na 11 kati ya hiyo ameimaliza darasani. Anafundisha Kiswahili na Elimu ya Dini katika Gredi ya 5 na ya 6, kwenye shule ya kibinafsi iliyoko Kayole, Nairobi. Ameajiriwa kwa kandarasi inayofanywa upya kila mwaka. Kisa chenyewe ni cha mfano. Hakuna mtu mmoja anayesimuliwa hapa, ila kila sehemu imejengwa juu ya mambo yanayojirudia kwa watu wa Nairobi wanaokula kwa sauti yao.

Walimu ndio wanaoumia sauti kwa wingi. Utafiti uliofanywa katika majimbo ya Iowa na Utah nchini Marekani, ukachapishwa mwaka 2004, uliwahoji walimu 1,243 na watu 1,288 wa kazi nyingine. Siku ya kuhojiwa, walimu 11 katika kila 100 walikuwa na tatizo la sauti, dhidi ya 6 kwa wenzao. Waliowahi kuwa nalo wakati wowote maishani walikuwa 57.7 kwa 100 upande wa walimu, na 28.8 upande wa pili. Na hayo ni madarasa ya Marekani, ambayo mengi hayana watoto 62 chini ya bati moja kama la mwalimu huyu.

Jinsi ilivyoanza

Katika muhula wa pili wa mwaka uliotangulia, sauti yake ilikuwa inaisha Alhamisi mchana. Ijumaa alijikokota kwa kuandika ubaoni na kuwapa watoto kazi ya kunakili. Jumamosi alinyamaza, Jumapili akaongoza pambio kanisani kwa sauti ya kukwaruza, na Jumatatu asubuhi sauti ilikuwa imerudi. Huko kurudi ndiko kulikomhadaa. Nyuzi za sauti zikitumika kupita kiasi huvimba, na uvimbe wa mwanzo hushuka ukipewa siku moja au mbili. Mtu akiona amepona kila Jumatatu huamini ni uchovu tu. Muhula wa tatu sauti ikaanza kuisha Jumanne. Muhula wa kwanza wa mwaka mpya ulipofunguliwa, baada ya likizo nzima ya Desemba, haikurudi yote.

Kulikuwa na dalili alizozipuuza miezi mingi kabla. Alishindwa kuimba noti za juu kwa upole: akitaka kuzipata ilibidi azipigie kelele. Alikuwa akisafisha koo kila baada ya dakika chache. Jioni misuli ya shingo ilimuuma chini ya masikio, mahali ambapo hakupaswa kuhisi chochote kwa sababu ya kuzungumza tu. Ile ya kwanza ndiyo yenye maana kuliko zote, na mtu anaweza kujipima nyumbani. Chukua mstari wa wimbo unaoufahamu, uimbe juu kadiri unavyoweza lakini kwa sauti ndogo kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto. Fanya hivyo kila asubuhi kwa wiki 2. Sauti ikichelewa kutoka, ikitangulia pumzi kisha ndipo noti ifuate, kingo za nyuzi huenda zimevimba hata kama mazungumzo ya kawaida bado ni safi.

Miezi mitatu ya kemisti

Hakwenda hospitali moja kwa moja, na wachache huenda. Alinunua antibiotiki ya amoksilini ya siku 5, mara mbili. Alichomwa sindano ya steroidi, sauti ikafunguka kwa siku 4, akafundisha siku zote 4 kwa nguvu ya kufidia, kisha ikaisha vibaya kuliko mwanzo. Alipewa vidonge vya kupunguza asidi ya tumboni. Nyumbani alikunywa tangawizi, limau na asali kila usiku, na darasani alimung'unya pipi za mentholi.

Kila kimoja kilikuwa na sababu ya kutofaulu. Antibiotiki huua bakteria, na hapa hapakuwa na bakteria wa kuuawa. Steroidi hupunguza uvimbe kwa muda bila kugusa kilichouleta, na mwalimu anayerudi kupaaza sauti akiwa amefunikiwa maumivu huhatarisha mshipa mdogo wa damu kupasuka kwenye uzi. Maji, chai na asali hupita kwenye umio kwenda tumboni. Nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, na tone likizigusa mtu hupaliwa. Kinywaji cha moto hutuliza ukuta wa koo, na kunywa maji ya kutosha siku nzima hulainisha utando wa nyuzi kupitia damu, polepole, lakini hakuna dawa ya kunywa inayozipaka. Mentholi huleta ubaridi unaomfanya mtu adhani ameponeka huku koo likizidi kukauka. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, uliotolewa upya mwaka 2018, unasema wazi kwamba antibiotiki na steroidi zisitolewe kama desturi kwa sauti iliyokauka kabla ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, kuangaliwa, na kwamba sauti isiyopona ndani ya wiki 4 ni lazima iangaliwe. Yeye alikuwa amepitisha wiki 12.

Hapo katikati kulikuwa na jambo lililomuumiza kuliko koo lenyewe. Kikohozi cha kusafisha koo pamoja na sauti iliyokauka vilifanya walimu wenzake waanze kufungua madirisha ya chumba cha walimu kila akiingia. Hakuna aliyetaja kifua kikuu, lakini kila mmoja alikuwa anakiwaza. Kifua kikuu cha zoloto kipo kweli, na hapa Kenya hakipaswi kusahauliwa, hasa mtu akipungua uzito, akitoka jasho usiku au akiumwa anapomeza. Yeye hakuwa na hata dalili moja ya hizo. Kipimo cha makohozi hufanywa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali. Alipimwa, majibu yakatoka hana, na karatasi hiyo ilimpa utulivu ambao hakuna dawa ya kemisti iliyowahi kumpa.

Kazini mambo yalivyomfikia

Hapa ndipo matatizo ya sauti yanapotofautiana na kuvunjika mkono. Mkono uliofungwa plasta unaonekana. Mtu aliyepwelewa na sauti anaonekana mzima, anatembea, anakula, na anayemsikia humchukua kuwa mchovu, mwenye hasira au asiyejiandaa. Watoto walijua mwalimu hawezi tena kupaaza, kelele ikapanda, naye akazidi kujilazimisha. Wazazi wawili waliuliza kwa nini mtoto wao anafundishwa na mtu "mwenye mafua kila siku". Naibu wa mwalimu mkuu akamwita: "Madam, darasa lako linasikika mpaka ofisini. Kuna shida gani?" Wiki 2 baadaye kwaya alipewa mwingine, na marupurupu ya kwaya ya shilingi 3,000 kwa mwezi yakaenda nayo. Mwishoni mwa Februari alipokea barua ya onyo iliyotaja "utendaji duni na kushindwa kudhibiti darasa". Barua hiyo haikuwa na neno sauti popote.

Wakati huo alikuwa ametumia siku 12 za likizo ya ugonjwa, vipande vya siku 2 na 3, kila kimoja kikiwa na karatasi iliyoandikwa "maumivu ya koo". Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo angalau siku 7 zenye mshahara kamili na nyingine 7 zenye nusu mshahara katika kila miezi 12. Kwa hiyo siku zake 5 za mwisho zilikuwa za nusu mshahara, na mshahara wenyewe ni shilingi 24,000. Alibakiwa na siku 2 kabla hajapata hata jina la ugonjwa wake. Kosa hili hurudiwa na watu wengi mno: siku za kuuguza humalizwa kwa kupumzisha sauti, na uchunguzi unaohitaji siku moja hukosa siku.

Kilichoonekana

Alipelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kamera nyembamba inayopinda ilipitishwa puani baada ya kunyunyiziwa dawa ya ganzi, ikashuka mpaka juu ya zoloto. Kazi yote ilichukua dakika chache na hakulazwa. Ilitumika pia taa ya stroboskopu, inayomulika kwa mapigo na kufanya mtetemo wa nyuzi uonekane polepole. Bila taa hiyo jicho huona ukungu tu, kwa sababu nyuzi za mwanamke mtu mzima hugongana karibu mara 200 kwa sekunde anapozungumza kwa utulivu.

Kwenye kila uzi kulikuwa na kinundu, kimoja mkabala wa kingine, pale ambapo theluthi ya mbele inakutana na ya katikati. Hapo ndipo nyuzi zinapogongana kwa nguvu zaidi, na vinundu ni sugu, kama ile ya kiganja cha mtu anayelima. Nyuzi zilipofunga, vinundu viligusana kwanza vikaacha mwanya mbele na nyuma, umbo la glasi ya mchanga. Hewa inayovuja kwenye mwanya huo ndiyo pumzi inayosikika ndani ya sauti yake. Noti za juu zilitangulia kupotea kwa sababu huko nyuzi hunyooshwa, huwa nyembamba, na uvimbe mdogo tu hutosha kuzizuia zisitetemeke kwa upole.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alichukua vipimo vitatu visivyohitaji mashine. Kutoa "aaa" kwa pumzi moja: sekunde 9, wakati mtu mzima hutarajiwa kufika 15 au zaidi. Kutoa "sss" kadiri awezavyo, kisha "zzz": 15 kwa 9. "Sss" haitumii nyuzi, "zzz" inazitumia. Mapafu mazima na nyuzi nzima hutoa urefu unaokaribiana, na uwiano ukipita 1.4 huenda kuna kitu kwenye kingo. Wake ulikuwa karibu 1.7. Cha tatu ni dodoso la maswali 10 kuhusu jinsi sauti inavyomzuia mtu maishani, kila swali alama 0 hadi 4. Zaidi ya 11 huhesabiwa kuwa tatizo. Alipata 27, na maswali aliyoyapa alama kamili yalihusu watu kushindwa kumsikia penye kelele na kipato kupungua.

Hesabu ya dakika za sauti

Tiba ya vinundu inayotangulia ni mafunzo ya sauti. Kisu huja baadaye sana, kwa sababu vinundu vikikatwa na mtindo ukabaki uleule, vinarudi. Lakini kwa maoni yetu jambo lililookoa kazi yake halikufanyika kliniki. Lilikuwa ni kuketi na ratiba yake ya wiki, kalamu mkononi, na kuhesabu.

Vipindi 30 vya dakika 35 ni saa 17 na nusu. Kwaya saa 2. Gwaride la asubuhi na zamu ya mapumziko, saa moja na nusu. Masomo ya ziada nyumbani kwake Jumatatu hadi Alhamisi, watoto 8 wanaolipa shilingi 1,500 kila mmoja kwa mwezi, saa 4. Kanisani Jumapili pamoja na mazoezi ya Jumamosi, saa 3. Jumla ni saa 28 kwa wiki, na mshahara wa shule hauoni zaidi ya 21 kati yake. Tukichukua vile vipindi peke yake, na kukadiria kwamba nyuzi hutetemeka robo ya muda huo, ni sekunde 15,750. Mwalimu anayepaaza sauti hupandisha mtetemo mpaka mara 250 kwa sekunde. Hiyo ni migongano karibu milioni 4 kwa wiki, kwenye nyama isiyofika urefu wa sentimita 2.

Kisha chumba. Darasa lake limetenganishwa na jirani kwa mbao ambazo hazifiki kwenye paa la mabati, na dirisha linatazama barabara ya matatu. Kelele watoto wakifanya kazi za vikundi ilifika takriban desibeli 70 kwenye programu ya simu. Ili mtoto aelewe maneno vizuri, sauti ya mwalimu inapaswa kuizidi kelele kwa desibeli 15 hivi anaposikia yeye mtoto, mezani kwake. Na kila umbali unapoongezeka mara mbili penye uwazi, sauti hupoteza desibeli 6. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60 ukiwa mita 1 kutoka kwa mzungumzaji. Hesabu hiyo haifungi bila kupiga kelele, na mwili hauhitaji hata kuamua: mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujijua. Kumwambia mwalimu huyu "usipaaze" na kumrudisha kwenye chumba kilekile ni kumtwika lawama ya paa.

Ratiba mpya ilishuka kutoka saa 28 hadi 16 na nusu. Vipindi 6 alibadilishana na mwenzake, yeye akachukua maktaba, kusahihisha na kutunga mitihani. Kwaya ilikuwa imeshatoka. Zamu ya mapumziko alipewa filimbi, gwaride akaliacha kwa wiki 8, na kanisani akaahidi kuketi nyuma. Masomo ya ziada yalibaki ya siku 2, watoto 4 kuzunguka meza moja, na hapo alipoteza shilingi 6,000 kwa mwezi. Ukijumlisha na marupurupu ya kwaya, ni 9,000 zilizotoka kwenye nyumba inayotegemea mshahara wa 24,000. Hakuna haja ya kulipamba jambo hilo. Mtu akiambiwa apumzishe sauti bila kuulizwa nani atalipa kodi ya nyumba, hatapumzisha.

Mazoezi yenyewe

Alihudhuria vikao 8, kimoja kwa wiki. Zoezi la msingi ni la mrija. Glasi ijazwe maji nusu, mrija wa kunywea soda uzamishwe sentimita 2, midomo iubane bila kuacha mwanya, kisha atoe "uuu" kupitia mrija, maji yachemke kwa viputo vilivyo sawa. Viputo vikikatika, pumzi imeyumba. Mashavu yasivimbe, shingo isikaze. Dakika moja kwa noti moja ya starehe, dakika mbili kuteremka na kupanda kama king'ora cha mbali, dakika mbili kwa mdundo wa wimbo. Dakika 5 asubuhi, 5 mapumziko ya saa nne, 5 baada ya shule. Maji na mrija huleta shinikizo juu ya nyuzi linalozifanya zitetemeke zikiwa zimekaribiana bila kugongana kwa nguvu.

Baada ya wiki 2 aliongeza maneno, na hapa Kiswahili ni rafiki mkubwa wa koo. Mama, mimi, mlima, mbuzi, ndizi, ng'ombe: herufi za pua hupeleka mtetemo kwenye midomo na pua, na mzungumzaji anauhisi kwa ncha za vidole. Alianza kwa maneno, akaenda kwenye sentensi, kisha hadithi fupi. Upande wa pili, maneno yanayoanza na irabu yakipigiwa kelele huanza kwa nyuzi kubamizana: "Acheni!" "Inukeni!" "Angalieni ubao!" Alihesabiwa kipindi kimoja, akayasema mara 41. Badala yake akajizoeza "Haya, simameni", "Haya, tazameni". Ile "h" hutanguliza pumzi kabla ya nyuzi kukutana. Ni badiliko dogo tu, na ndilo alilolishika haraka kuliko yote.

Kunong'ona alikatazwa. Alikuwa akinong'ona kwa nguvu siku za Ijumaa akidhani anaipumzisha sauti, kumbe anakaza zoloto lote. Kusafisha koo kulibadilishwa kuwa kumeza mate au fundo moja la maji. Ubao ulianza kufutwa kwa kitambaa chenye maji ili vumbi la chaki lisipeperuke, hasa miezi ya kiangazi.

Spika ya kiunoni

Ilinunuliwa Luthuli Avenue, katikati ya jiji la Nairobi: wati 10, na kipaza sauti cha kichwani. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2002 nchini Marekani kwa walimu 44 wenye matatizo ya sauti. Waliopewa spika ya kuvaa kwa wiki 6 walipata nafuu iliyopimika, na waliopewa ushauri wa kutunza sauti peke yake hawakuwa hivyo. Ushauri mtupu ni wa bei rahisi, ndiyo maana shule huupenda.

Siku ya kwanza spika ilipiga mluzi, watoto wakacheka, akaizima. Kosa lilikuwa mahali pa vifaa. Kipaza kilikuwa kimeshuka kidevuni, spika imetazama juu, na sauti ilikuwa inazunguka kutoka kimoja hadi kingine. Kipaza kikae sentimita 2 au 3 kutoka pembe ya mdomo, pembeni, pumzi isikipige. Spika ivaliwe kiunoni ikitazama watoto, na mwalimu asimame asiwe na ukuta wa bati mgongoni kwake. Kiwango kipandishwe mpaka mluzi ukaribie, kisha kirudishwe nyuma kidogo. Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi: kwa wiki nzima aliendelea kupiga kelele ndani ya kipaza. Alifundishwa kuzungumza kana kwamba aliyemlenga ameketi ng'ambo ya meza, na kuiachia spika mita zilizobaki. Mwenzake wa upande wa pili wa mbao alilalamika, na haki yake. Wakapanga vipindi vya spika visigongane na vipindi vya kusoma kimya vya mwenzake.

Barua na mkutano

Barua ya onyo ilijibiwa kwa maandishi ndani ya siku zilizotolewa, ikaambatishwa na ripoti ya daktari. Karatasi za awali za "maumivu ya koo, apumzike siku 3" hazikumsaidia kwa lolote, kwa sababu mwajiri hawezi kupanga ratiba kwa kutumia neno koo. Ripoti mpya, kwa idhini yake, iliandikwa hivi:

"Ana vinundu kwenye nyuzi zote mbili za sauti, vinavyohusiana na matumizi ya sauti kazini. Anaweza kufanya kazi. Kwa wiki 8 asifundishe zaidi ya vipindi 2 mfululizo, asizidi vipindi 5 kwa siku, atumie spika darasani, asipewe kazi ya kupaaza sauti nje. Anahitaji saa 2 za kliniki kila wiki. Ataangaliwa tena baada ya wiki 8."

Hayo maneno "anaweza kufanya kazi" ndiyo mazito kuliko yote. Mwalimu mkuu alikuwa akisubiri kuambiwa aajiri mtu wa muda, na badala yake akapewa orodha inayotekelezeka. Mwalimu aliomba mwakilishi wa wafanyakazi awepo mkutanoni. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutoweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza akiwa na mwenzake. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja hali ya afya miongoni mwa mambo ambayo mtu hatakiwi kubaguliwa kwayo. Uhispania iliviingiza vinundu vya nyuzi za sauti kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazi mwaka 2006, na Poland ina kifungu cha magonjwa ya sauti kwa waliotumikia kazi ya sauti angalau miaka 15. Hoja hizo za ng'ambo hazikusomwa mkutanoni, na ilikuwa busara.

Kuna udhaifu ambao lazima usemwe. Kandarasi ya muda maalumu huisha yenyewe tarehe ikifika, na mahakama za Kenya kwa kawaida hazimlazimishi mwajiri kuifanya upya. Mwenye ajira ya kudumu ana nafasi pana kuliko huyu. Ndiyo maana mkutano ulilenga kuondoa lile neno "utendaji duni" kwenye faili, na liliondolewa, kabla ya mazungumzo ya kandarasi kuanza.

Alikoteleza, na alipofika

Wiki ya 5 alikwenda kwenye kesha. Alikuwa ameahidi kuketi nyuma. Saa nane usiku kiongozi wa pambio akamwita kwa jina, akasimama, akaongoza kwa dakika 40. Jumatatu "aaa" ilirudi sekunde 8. Ilimchukua siku 9 kufika alipokuwa. Baada ya hapo mtaalamu alimwomba aje na mtu wa kwaya kwenye kikao kimoja. Mwenzake huyo alipouona mwanya kwenye picha ya zoloto, hakumwita tena.

Mwisho wa wiki 8 dodoso lilikuwa 15. Baada ya miezi 5 lilikuwa 9, "aaa" sekunde 14, kinundu cha kushoto hakionekani na cha kulia kimebaki kama punje ndogo laini. Noti za juu hazijarudi zote. Kandarasi ilifanywa upya kwa mwaka, ikiwa na vipindi 26 na maktaba. Kwaya haikurudishwa, wala shilingi zake 3,000.

Kisa hiki kisichukuliwe kuwa kipimo cha kila sauti iliyokauka. Iwapo sauti imepotea ghafla baada ya upasuaji wa tezi ya shingo, neva inayoendesha uzi huenda imeguswa, na mrija hautoshi. Sauti inayokatika kwa mishtuko katikati ya neno, bila uvimbe wowote, inaweza kuwa tatizo la neva linalotibiwa kwa sindano ndani ya misuli ya zoloto. Mvutaji wa sigara, mwenye damu kwenye makohozi, mwenye uvimbe shingoni, anayeumwa akimeza au anayekoroma akivuta pumzi mchana, asisubiri wiki 4 wala wiki moja. Kwa kondakta wa matatu anayeita abiria barabarani, kubadilishana vipindi hakuna maana. Kwake cha kwanza ni kibao cha njia na bei kinachosomeka ili asiite kila abiria. Mfanyakazi wa kituo cha simu anaweza kuhamishiwa kujibu ujumbe wa maandishi kwa wiki kadhaa, na hilo ni ombi dogo kuliko mengi ambayo mwajiri husikia.

Mwalimu ameshapanga miezi ya mvua za masika, Machi hadi Mei. Juu ya mabati mvua huishinda spika ya wati 10. Ameandika kazi 12 za insha na ufahamu kwenye karatasi ngumu, amezifungia kwenye bahasha mezani, na watoto wanajua matone yakianza kugonga paa kiongozi wa kila safu hugawa karatasi, naye hasemi neno mpaka mvua itulie.